Mgeni Asiye na Mpokezi

Enyi vijana wetu mnaotamani kusoma ng'ambo, sikilizeni kisa cha Hakeem Olajuwon, mwana wa Kiislamu wa Lagos, Nigeria, ambaye wazazi wake walifanya biashara ya saruji.

Mwaka 1980, naye ana umri wa miaka 17, aliteremka uwanja wa ndege wa Houston, Marekani. Mgeni wa mbali hivyo hutazamiwa kulakiwa; lakini hapakuwa na mtu! Akapiga simu Chuo Kikuu, akajibiwa apande teksi. Basi mfikirieni kijana wa kimo kile, karibu futi saba, ajikunje ndani ya teksi katika mji asioujua.

Na mpira wenyewe wa kikapu alikuwa ameuanza juzi tu. Kwao alizoea kulinda goli. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza hata mechi moja, kwa kukosa kibali. Akaenda kufanya mazoezi na bingwa Moses Malone, mtu mwenye kifua kama mlango wa ngome, asiyemwonea mwanafunzi huruma. Kwa vikumbo vile ndipo alipojifunza kusimama.

Hata jina lake lilipungua njiani: likaandikwa Akeem, na herufi ya kwanza haikurudi ila mwaka 1991. Mimi mwalimu wa chuo husahihisha herufi kila siku, lakini kosa la miaka zaidi ya kumi sijapata kuliona!

Timu yake ya Houston ilitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1994 na 1995. Februari 1995, mwezi wa Ramadhani, alicheza akiwa amefunga, akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo.