Ndege inapima barafu ya Greenland: na nani anapima ndege?

Kati ya 2009 na 2019, NASA, shirika la anga la Marekani, ilituma ndege kila mwaka juu ya Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini ya dunia. Kazi hiyo, IceBridge, ilitafuta kujua kama barafu ya kule inashuka ao inapanda.

Inapima namna gani? Ndege inatupa mwanga wa leza chini, mwanga unagonga barafu na kurudi. Mashini inahesabu muda uliopita, ndipo inapata umbali. GPS inaonyesha ndege iko wapi, na chombo kingine kinaonyesha imeinama kiasi gani. Kimoja kikikosea kidogo, hesabu yote inaharibika.

Juu ya nini kusumbuka na sentimita moja? Barafu ya Greenland inafunika kilomita za mraba karibu milioni 1,7. Kosa la sentimita 1 juu ya eneo lote ni kilomita za ujazo 17. Barafu nyingi vile inaweza kuandikwa kama imeyeyuka, kumbe iko pale pale. Na watu wa miji ya pwani wanategemea hesabu hiyo ili kujua bahari itapanda kiasi gani.

Ni sawa na mizani ya sokoni: kuihakikisha, unaweka juu yake jiwe ambalo kilo yake inajulikana.

Jiwe la kwanza ni uwanja wa ndege. Watu wanapima sakafu yake kwa GPS, kisha ndege inapita juu yake na vipimo vinalinganishwa. La pili ni njia zinazokatana: ndege ikipita mara mbili mahali pamoja, majibu yanapaswa kufanana. La tatu ni barafu yenyewe. Karibu na kituo cha Summit, katikati ya Greenland, kuanzia 2006 watu walipita karibu kila mwezi na pikipiki ya theluji yenye GPS, kilomita kama 11. Tarehe zinapaswa kukaribiana, maana theluji mupya ao upepo unabadilisha kimo.

Uchunguzi wa 2017 ulikuta kwamba pale Summit leza za ndege hazikupishana na vipimo vya chini kwa zaidi ya sentimita 12.

Je, ni kidogo? Pembeni ya kisiwa, kwenye barafu inayoshuka mita nzima kwa mwaka, ndiyo. Katikati, mabadiliko ni ya sentimita chache tu. Kule, kipimo kisichotaja kosa lake hakisaidii mutu.