Picha ya Maandishi Si Maandishi

Juma lililopita jirani yangu hapa Dundori, mkulima wa viazi asiyeona, alinijia na simu mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nisomee tangazo la basari. Simu yangu imenyamaza." Simu hiyo humsomea magazeti kwa sauti, na hata ujumbe wa wanawe. Mbona tangazo liishinde?

Nilipofungua tovuti ya afisi inayohusika, nikafahamu. Karani alikuwa ameipiga picha karatasi yenye muhuri, akaibandika ilivyo. Mimi niliyasoma maneno. Simu ya jirani haikupata herufi hata moja ya kutamka. Nami nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelitafuta tangazo lilo hilo katika Google nisilione. Mitambo ya kutafuta habari hutegemea sana maneno yaliyochapwa, na pale hapakuwa na neno. Isitoshe, picha yenyewe ilikuwa nzito ajabu (bando langu lajua).

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa imepita juzi.

Haya si mageni. Tangu 1999 muungano wa W3C, unaotunga kanuni za tovuti, umeshauri kila picha iandamane na maelezo ya maneno. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kufikia habari. Tangazo lile lilichapwa kwa kompyuta kabla ya kupigwa muhuri. Kwa nini basi karani asiyaweke maneno yale yale kwenye tovuti, na picha ya muhuri, akiipenda, ifuate chini?

Jirani yangu ameniuliza kama afisi hupokea fomu zilizochelewa. Kesho twaenda pamoja kuuliza.