Kupima Umeme Unaotumiwa na Kompyuta

Basi lililosimama katika stendi ya Bunda huku injini ikinguruma hutumia mafuta, ingawa haliendi popote. Likiondoka na abiria wengi kuelekea Musoma, hutumia mafuta mengi zaidi. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Ndani yake mna swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo ni maelfu ya mamilioni. Kila swichi inapogeuka hutumia umeme kidogo sana. Kazi ikizidi, swichi nyingi hugeuka, na umeme mwingi hutumika. Kwa hiyo namba ya wati iliyobandikwa nyuma ya kompyuta hueleza kiasi cha juu tu. Haikuambii kompyuta inatumia kiasi gani sasa hivi.

Je, tutajuaje? Itazame mita ya LUKU. Utaona taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzimika. Usiifungue mita wala usiguse nyaya zake, kutazama kwatosha. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, taa huwaka mara 1,000 kwa kila uniti moja ya umeme. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Basi kila taa inapowaka, wati-saa 1 imetumika. (Mita nyingine zina namba tofauti. Soma yako kwanza.)

Mwombe mtu mzima azime vyombo vingine vyote, hata jokofu na chaja za simu. La sivyo utapima nyumba nzima. Washa kompyuta ya mezani bila kuipa kazi, kisha hesabu sekunde tangu taa iwake hadi iwake tena. Tuseme ni sekunde 120. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya kwa 120, utapata wati 30. Sasa ipe kazi nzito. Tuseme taa yawaka kila baada ya sekunde 40: 3,600 ÷ 40 = wati 90. Rudia mara tano, maana kipimo kimoja chaweza kukudanganya.

Fikiria kwamba kompyuta hiyo, baada ya kupimwa Musoma, inapelekwa katika zahanati ya kijiji kimoja cha Butiama yenye betri ya umeme wa jua tu. Saa 12 jioni betri ina wati-saa 600. Taa ya chumba cha kujifungulia ni ya wati 10. Kompyuta ikitumia wati 30, jumla ni wati 40, na umeme utatosha kwa saa 15, hadi kumekucha. Ikitumia wati 90, jumla ni wati 100. Umeme utakwisha saa 6 usiku, mkunga akiwa bado kazini.

Zoezi: Kompyuta imetumia wati 90 hadi saa 3 usiku, kisha ikazimwa. Je, taa itawaka hadi alfajiri?