Marekani: Ubaguzi wa kusini haukufanana na wa kaskazini

Wengi wanazani ubaguzi wa Wamarekani weusi ni mambo ya kusini tu, kule Mississippi na Alabama kwenye mashamba ya pamba. Kweli, utumwa ulikatazwa 1865, lakini kusini sheria zenyewe zikaendelea kutenga watu: masomo mbali, viti vya basi mbali, hata robine ya maji ya kunywa. Iliandikwa, kila mtu aliona.

Watu weusi karibu milioni 6 wakakimbia, wengi wakaenda kaskazini, Chicago ao Detroit. Kumbe huko ubaguzi ulijificha ndani ya biro. Miaka ya 1930, watu wa serikali walichora ramani za miji, kartie za weusi wakazipaka rangi nyekundu: banki zikaogopa kutoa kredi pale. Bila kredi hununui nyumba, na watoto hawarizi kitu.

Mwaka 1966 Martin Luther King akaenda Chicago kudai haki ya makao. Akapigwa jiwe kichwani. Alisema hata Mississippi na Alabama hakuona chuki kama ile. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilitoka Aprili 1968, juma moja kiisha yeye kuuawa. Mpaka leo, kartie nyingi za rangi nyekundu zingali za maskini.