Kinaya na Taharuki: Funzo kutoka Nyumba ya Mizuka

Swali la mbinu za uandishi katika Karatasi ya Tatu huwaponza watahiniwa wengi. Mtahiniwa huandika, "Mwandishi ametumia kinaya," akadondoa sentensi moja, kisha akarukia taharuki. Haonyeshi nani anajua nini na nani hajui. Alama hupotelea hapo.

Dhana hizi hueleweka upesi kwa kutazama filamu bubu iitwayo The Haunted House (1921), kichekesho cha yapata dakika 20 kilichoongozwa na Buster Keaton na Edward F. Cline. Mwanafunzi wa Kongo, Kawangware, au wa Kibera hatatatizwa na ububu wake. Vibanda vya video vya mitaa hiyo vimemzoesha filamu za kigeni zinazosimuliwa na watu kama DJ Afro. Mwalimu na amteue mmoja darasani awe msimulizi, kicheko hakitakosekana.

Keaton ni karani wa benki. Mkuu wake kazini ana genge linalochapisha noti bandia katika nyumba kuukuu. Ili watu wasiikaribie, wahalifu hao hujitanda shuka nyeupe na kujifanya mizuka. Wameitengeneza ngazi ikageuka mteremko kila anayepanda anapokaribia juu. Usiku huo huo waigizaji wa Faust, waliozomewa na kufukuzwa jukwaani, wanakimbilia humo wakiwa bado na maleba yao, shetani akiwemo. Keaton naye anaingia akikimbia tuhuma za wizi.

Mtazamaji ameonyeshwa mapema kwamba mizuka hiyo ni binadamu. Keaton hajui. Pengo hilo la maarifa ndilo kinaya cha kidrama, na ndilo linalotuchekesha kila anapoporomoka ngazini. Hebu tuondoe onyesho moja tu, lile linalofichua genge. Shuka ni zile zile, ngazi ni ile ile, lakini kicheko kinapungua na hofu inaingia: sasa hata sisi hatujui kilichomo ndani.

Hofu ya namna hiyo ndiyo aliyoichagua Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Maiti inapatikana mahali panapoogopwa kwa sababu ya mzimu, na msomaji anaachwa gizani hadi Bwana Msa afumbue fumbo na kuonyesha mkono wa binadamu. Kiini cha kazi hizi mbili kinafanana mno: imani ya watu inatumiwa kuficha uhalifu. Tofauti ni wakati wa kufichua siri. Keaton anaitoa mapema, tunacheka. Abdulla anaichelewesha, tunasubiri kwa wahaka. Mtahiniwa anayeweza kusema hivyo, akataja tukio, ameshajibu swali.

Keaton, hata hivyo, anatuchezea mwishoni. Anapigwa kichwani, anapanda ngazi ndefu hadi mbinguni, anakataliwa, anateleza hadi jehanamu. Kisha anazinduka: ilikuwa njozi. Sisi tuliojiona wajuzi tangu mwanzo tumetegwa naye.

Zoezi: Chagueni tukio moja katika tamthilia mnayoisoma. Liandikeni upya mara mbili: kwanza hadhira iijue siri kabla ya mhusika, kisha waijue pamoja. Ni maneno gani ya mhusika yanayobadilika maana?