Maiti Ndani ya Tangi la Maji: Dhana za Watu na Hukumu ya Qasama

Tunaingia katika mas-ala ambayo wengi huihesabu kuwa ya magazeti na sinema, ilhali wanazuoni wetu wameitengea mlango mzima katika vitabu vya fiqhi. Mtu amekutwa amekufa. Aliyemuua hajulikani, wala haijulikani kama ameuliwa. Ni nani mwenye haki ya kusema, na aseme nini?

Tumechagua tukio lililotokea mbali nasi, ili nyoyo zisielemee upande wowote. Mwaka 2013, binti wa miaka 21, mwanafunzi kutoka Vancouver nchini Kanada, alikuwa safarini peke yake huko Marekani. Jina lake tunaliacha makusudi, kwani limekwisha chezewa vya kutosha. Mjini Los Angeles alifikia katika Hoteli ya Cecil, jengo la miaka ya 1920 lililo jirani na mtaa wa mafukara wasio na makazi. Waliolala naye chumba kimoja siku za mwanzo walilalamikia mwenendo wake, akahamishiwa chumba cha peke yake. Kila siku alikuwa akiwapigia simu wazazi wake. Tarehe 31 Januari simu haikupigwa.

Wazazi walitoa habari. Polisi waliipekua hoteli pamoja na mbwa wao, wasipate kitu. Katikati ya Februari wakatoa picha za kamera ya ndani ya lifti, wakitaraji atatokea mtu aliyemwona. Ni picha za dakika chache tu. Binti anaingia, anabonyeza vitufe vya ghorofa nyingi, anajibanza pembeni, anachungulia nje, anatoka, anarudi, mikono yake inakwenda huku na huku kama anayesema na mtu. Na muda huo wote mlango wa lifti umekaa wazi. Kisha anaondoka. Tarehe 19 Februari, baada ya wageni kulalamika kwamba maji yanatoka kidogo na yana rangi na ladha isiyo ya kawaida, fundi wa hoteli alipanda juu ya paa penye matangi manne. Ndani ya moja lao akamkuta.

Mwezi Juni mwaka huo ofisi inayochunguza vifo ilitoa matokeo yake: alizama majini kwa ajali, na maradhi ya akili aliyokuwa nayo yalichangia. Haya ni yale maradhi yanayompandisha mtu kwa msisimko usio na kipimo, kisha yakamtupa katika huzuni nzito. Mwili wake haukuwa na alama za kushambuliwa, na vipimo vilitia nguvu maoni kwamba dawa zake hakuwa akizitumia kama alivyoandikiwa.

Lakini kabla ya matokeo hayo, na hata baada yake, hukumu zilikuwa zimekwisha pitishwa na watu ambao hakuna aliyewapa kiti cha uqadhi. Mamilioni waliitazama picha ile. Mmoja alisema yupo mtu amejificha nje ya mlango. Mwingine akasema saa iliyo kwenye picha haisomeki, basi polisi wamekata kipande. Wengine waligundua kuwa jina la kipimo kimoja cha kifua kikuu linafanana na jina la marehemu, wakajenga juu yake hadithi ya serikali na silaha ya maradhi. Wako pia waliosema ni majini, kwa kuwa hoteli ile ina historia ndefu ya vifo. Sisi tunaamini kuwapo kwa majini, na hilo ni katika itikadi yetu. Lakini kuamini kuwapo kwao si dalili kwamba wao ndio waliofanya jambo fulani usiku fulani.

Hoja iliyowashika wengi zaidi ilikuwa ya mfuniko. Ikiwa tangi lilikutwa limefunikwa, nani aliyelifunika? Swali zuri. Kasoro yake ni kwamba fundi aliyemkuta, katika maelezo yaliyowekwa kwenye kesi ambayo wazazi waliifungua dhidi ya hoteli, alisema mfuniko ulikuwa wazi. (Kesi yenyewe ilitupwa mwaka 2015.) Watu walikuwa wamejenga jumba la ghorofa juu ya habari ambayo hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani. Mwanafunzi wa elimu ya hadithi angeanzia hapo hapo: isnadi yake iko wapi?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hayo ni maneno tu. Hayakuishia kwenye maneno. Alikuwapo mwanamuziki mmoja wa Mexico, mwenye kupenda nyimbo na mavazi ya kutisha, ambaye alikaa katika hoteli ile takriban mwaka mmoja kabla na akajipiga picha akiwa humo. Watu waliziona picha zake, wakaunganisha mavazi yake na maiti, wakamtangaza kuwa ndiye muuaji. Siku zile za kifo yeye alikuwa Mexico. Hilo halikumsaidia. Alitishiwa kuuawa, kazi yake ya muziki ikaharibika, na katika filamu ya mfululizo iliyotolewa mwaka 2021 alisimulia kwamba alifikia kujaribu kujiua. Hakuna mahakama iliyomshitaki, na kwa hiyo hakuna mahakama iliyoweza kumwachia huru.

Maiti wa Khaybar

Sasa turudi Madina. Bukhari, Muslim na Imamu Malik katika Muwatta wamepokea kwa njia mbalimbali kwamba Abdullah bin Sahl na Muhayyisa bin Mas'ud (r.a.), wote Ansari, walikwenda Khaybar wakati wa shida. Huko walitengana, kila mmoja akishughulika na haja yake. Muhayyisa alipoletewa habari, mwenzake alikuwa amekwisha uawa na kutupwa katika shimo la maji. Akawaendea Mayahudi wa pale akawaambia kuwa wao ndio waliomuua. Wakakana kwa kiapo.

Akarudi Madina, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) pamoja na kaka yake Huwayyisa, na Abdurrahman bin Sahl, ndugu wa marehemu. Abdurrahman, aliyekuwa mdogo wao, alitaka kuanza kusema, Mtume (s.a.w.) akaelekeza kwamba mkubwa atangulie. Hata katika msiba wa damu adabu ya baraza haikuachwa. Kisha Mtume (s.a.w.) akawaandikia watu wa Khaybar, nao wakajibu kwa maandishi kwamba hawakumuua.

Hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipowauliza wale watatu kama wako tayari kula viapo hamsini ili waistahiki haki ya damu ya ndugu yao. Tunamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Hawa ni jamaa wa maiti. Uchungu wanao. Aliyeuawa amekutwa katika mji wa watu wenye uadui nao, mahali pasipokuwa na watu wengine wa kudhaniwa. Na wanaambiwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu kwamba kiapo chao kitatosha. Wakajibu kwamba wao hawakushuhudia wala hawakuona, basi wataapaje? Wakaambiwa kwamba Mayahudi wataapa viapo hamsini na kutoka katika tuhuma. Wakasema hawawezi kuridhika na viapo vya watu wasio Waislamu. Basi Mtume (s.a.w.) akatoa fidia yeye mwenyewe, ngamia mia moja, damu ya Abdullah isipotee bure, na hakuna mtu wa Khaybar aliyehukumiwa. Sahl bin Abi Hathma (r.a.), msimulizi wa hadithi hii, alikuwa akieleza kwamba mmoja wa ngamia hao, jike jekundu, alimpiga teke.

Hadithi hii ndiyo msingi wa qasama, na maimamu wametofautiana katika matawi yake. Kwa Imamu Shafii, ambaye Waswahili walio wengi tunafuata madhehebu yake, haiwi qasama ila pawepo lawth, yaani dalili ya hali inayouelekeza moyo wa qadhi kwenye ukweli wa mdai, kama vile maiti kukutwa katika mtaa mdogo wa maadui zake. Ikiwapo, mawalii wa maiti huapa mara hamsini, na katika kauli yake ya baadaye kinachothibiti ni diya, si kisasi. Malik na Ahmad wameona kisasi kinaweza kuthibiti katika kuua kwa makusudi. Ama Mahanafi, wao huwaapisha watu hamsini wa mahali alipokutwa maiti kwamba hawakuua wala hawamjui aliyeua, kisha diya huwa juu yao. Wameijadili hata nyumba yenye wapangaji: Abu Hanifa na Muhammad wanasema jukumu ni la wenye milki peke yao, na Abu Yusuf anawaingiza na wakazi. Mwenye hoteli leo angeusoma mlango huo kwa makini!

Katika yote hayo liko sharti moja la Mahanafi linalogusa tukio letu moja kwa moja. Maiti asipokuwa na alama ya kuuawa, kama jeraha, kipigo au kunyongwa, hakuna qasama wala diya, kwa sababu huenda amekufa kifo chake. Mlango haufunguliwi kabisa. Maiti wa Los Angeles, kwa alivyochunguzwa, angesimama nje ya mlango huo.

Hamsini wasioona

Na hata ndani ya mlango wenyewe wapo wema waliotangulia walioogopa. Bukhari amepokea kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala mwaka 99 hadi 101 Hijria, aliketi na watu akawauliza juu ya kuua kwa qasama. Wakasema ni haki, makhalifa wamefanya. Akamgeukia Abu Qilaba, mwanachuoni wa tabiina. Abu Qilaba akamuuliza: kama watu hamsini wangeshuhudia kwamba mtu aliyeoa huko Damascus amezini, na hawakumwona, je, angempiga mawe? Khalifa akajibu hapana. Na kama hamsini wangeshuhudia kwamba mtu wa Hims ameiba, na hawakumwona, je, angemkata mkono? Akajibu hapana. Jumhuri ya wanazuoni hawakuiacha qasama kwa hoja hiyo, kwani hadithi ya Khaybar imesihi. Lakini hoja yenyewe inabaki pale pale kwa asiye walii wa damu wala qadhi. Hamsini wasioona ni sawa na mmoja asiyeona, na mamilioni walioitazama picha ya lifti hawakuona kifo. Waliona lifti.

Isifahamike kwamba sheria inazikataa dalili za hali. Katika Sura Yusuf kanzu iliyochanwa kwa nyuma ilimtoa Nabii Yusuf (a.s.) katika tuhuma. Lakini katika sura hiyo hiyo ililetwa kanzu nyingine, yenye damu ya uongo, na Nabii Yaaqub (a.s.) hakuikubali. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ni katika waliozitetea sana dalili hizi. Pamoja na hayo, yeye mwenyewe ameitaja habari ya mtu aliyekutwa kwenye gofu, kisu chenye damu mkononi, na maiti mbele yake. Alipopelekwa kwa Ali (r.a.) akakiri. Mara akaja mtu mwingine mbio akasema muuaji ni yeye. Yule wa kwanza alipoulizwa kwa nini alikiri, alieleza kwamba yeye ni mchinjaji. Alikuwa ametoka kuchinja ng'ombe, akaingia gofuni kwa haja ndogo, akaikuta maiti, na kwa hali aliyokamatwa nayo akaona hakuna atakayemsadiki. Kisu, damu, maiti na kukiri, na bado hakuwa yeye. Mwanamuziki wa Mexico hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Ama hukumu ya anayemtangaza mtu kuwa muuaji bila ushahidi: hiyo si qadhf yenye adhabu ya viboko themanini, kwa kuwa qadhf ni tuhuma ya zinaa. Lakini haina maana kwamba ni bure. Inaingia katika taazir, ambayo qadhi huikadiria kwa madhara yaliyotokea. Na katika Sura Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (s.w.) amekataza dhana mbaya, kisha upelelezi, kisha kusengenya, kwa mpango huo huo. Anayeyafuatilia mambo ya Los Angeles ataona namna yalivyofuatana: watu walidhani, wakachimbua maisha ya binti na ya wengine, kisha wakasema.

Maiti akiletwa kwako

Imamu anaweza kuletewa maiti ya Muislamu aliyekutwa chumbani katika nyumba ya wageni, mlango umefungwa kwa ndani. Mlinzi anasema amejiua, jirani anasema amelishwa sumu. Asili ni kwamba Muislamu hahukumiwi kuwa amejiua kwa maneno ya mlinzi. Polisi na hospitali wakimaliza kazi yao, ataoshwa, atakafiniwa na kusaliwa kama maiti yeyote. Hata ingethibiti kuwa amejiua, kwa madhehebu yetu anaoshwa na kusaliwa. Hadithi ya Jabir bin Samura katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakumsalia mtu aliyejiua, wanazuoni wengi wameichukulia kuwa ni ya kuwakanya watu, na kwa Imamu Ahmad ni imamu mkuu ndiye anayejizuia, wengine wanasali. Kungoja uvumi utulie ndipo asaliwe, hilo halina asili.

Na muoshaji ameamrishwa kusitiri anayoyaona. Akiona alama ya jeraha au kamba, ataieleza kwa walii wa maiti na kwa mpelelezi, kwa kuwa huo ni ushahidi, na kuuficha ni dhambi. Watu wa barazani wakimuuliza, atawajibu kwamba amemuosha, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Wallahu aalam.