Wanafunzi wa usalama wa kompyuta husoma nini, na PIN yako inaingia wapi?

Kila mwaka kuna vijana wanaomaliza KCSE na kwenda chuo kikuu kusomea usalama wa kompyuta. Hapa Kenya, vyuo kama Kabarak na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vina digrii ya masomo hayo. Wazazi huuliza: kwani huko wanafundishwa kuingilia simu za watu? Hapana. Wanasoma hesabu, programu, mitandao na sheria. Na mengi wanayosoma yanaihusu PIN yako. Tuangalie masomo matatu.

1. Siri ni ufunguo, si kufuli

Kriptografia ni elimu ya kulinda ujumbe kwa kutumia hesabu. Mwanafunzi hukutana mapema na kanuni ya Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyeiandika mwaka 1883: mfumo uwe salama hata kama adui anajua unavyofanya kazi, mradi hajapata ufunguo. Fikiria kufuli la duka lako. Yanayofanana nalo yanauzwa kila mahali, na fundi anajua lilivyoundwa. Bado bila ufunguo halifunguki.

Kwako wewe, ufunguo ni PIN. Mfumo uliotengenezwa vizuri huikagua wenyewe, bila mfanyakazi yeyote kuiona. Kwa hivyo mtu akikupigia ati "niko ofisini, nitajie PIN nikurekebishie akaunti", huyo ni tapeli. Mfanyakazi halali hana kazi nayo.

2. Tarakimu nne ni chache

Kuanzia 0000 hadi 9999 kuna PIN 10,000 tu. Kompyuta ikiachiwa izijaribu zote, itamaliza kufumba na kufumbua. Sasa mbona hazivunjwi kila siku? Kwa sababu mfumo huhesabu makosa. Ukikosea mara chache, kwa kawaida tatu, unafungiwa. Anayebahatisha mara 3 kati ya 10,000 hana matumaini makubwa.

Lakini hesabu hiyo inakulinda tu kama PIN yako haikisiki. Ukitumia mwaka wako wa kuzaliwa, zile 10,000 zinashuka hadi chini ya 100. Na aliyeona kitambulisho chako atapata mara ya kwanza. Hata 1234 hujaribiwa mapema.

3. Wakora hupitia kwa mtu

Wanafunzi hufundishwa pia kwamba mwizi hahangaiki na hesabu ngumu kama anaweza kukudanganya. Silaha zake ni haraka, hofu na tamaa. Mfano unaojulikana sana: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha upesi, mgonjwa yuko hospitali." SMS yaweza kuwa bandia. Salio lako ndilo litakalokuambia ukweli.

Na kijana wako asidhani masomo yanampa ruhusa. Chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, hata kama "alikuwa anajaribu tu".

Fanya haya leo

- Kama PIN yako ni mwaka wa kuzaliwa au tarakimu zinazofuatana, ibadilishe.
- Usimtajie mtu PIN, wala kodi unayotumiwa kwa SMS. Hata wakala hahitaji PIN yako. Ibonyeze mwenyewe, ukiwa umeikinga.
- Ukiambiwa pesa zimekuja kimakosa, angalia salio kwanza. Kama kweli zimeingia, usirudishe mwenyewe. Mwambie aliyetuma apigie huduma kwa wateja zirejeshwe.
- Kama tayari umeitaja PIN, usione haya. Ibadilishe sasa hivi, kisha utupigie. Dakika chache zinaweza kuokoa pesa zako.